Kikombe cha Mwisho wa Benchi

Kosa la Mama Birika, muuza kahawa, litajwe mapema, maana mwenyewe hakupenda lifichwe. Katika majuma yale mji ulipofungwa na watu wakawa wanaondoka duniani bila kuagwa, alikuwa akichukua kikombe kimoja cha kahawa kilichoachwa bila kunywewa, anatazama huku na huku, kisha anakimimina tena ndani ya birika na kuwagawia wengine. Alijiambia kuwa hakijaguswa na mdomo wa mtu, kuwa kahawa imekuwa adimu, na kuwa Mungu hapendi israfu. Mchana sababu hizo zilikuwa nzuri kabisa. Akifika kwenye sala, hakuthubutu kuzitaja.

Kijiwe chake kilikuwa benchi moja tu, ubao mrefu juu ya matofali, katika mtaa wa maduka yaliyoteremsha milango ya chuma mpaka chini. Fundi cherehani, aliyeitwa Mita kwa sababu utepe wa kupimia haukumtoka shingoni hata msibani, alikuwa ameugawa ubao huo kwa chaki ili watu wasisogeleane. Nafasi ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili ya Betri, fundi wa redio na simu. Ya tatu ya Mzee Waziri, tarishi mstaafu wa manispaa, aliyebeba barua za wakubwa miaka mingi mpaka akaanza kuzungumza kama yeye ndiye aliyeziandika. Na mwisho wa benchi alikaa yule mwingine: shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni, barakoa ya kijivu, mikono juu ya magoti. Alianza kuja baada ya amri ya barakoa kutoka. Maneno yake yalikuwa machache, na kikombe chake ndicho kile.

Alasiri hiyo walikuwa wanamsubiri mtu wa manispaa.

– Leo wanakuja kuchukua jina, alisema Mzee Waziri. Mpango wa kufufua uchumi, awamu ya kwanza. Kila mtaa utoe biashara moja ya majaribio. Ikifunguliwa na watu wakabaki wazima, nyingine zinafuata.

– Na wasipobaki wazima? aliuliza Betri.

– Basi tunarudi awamu ya kwanza.

– Mzee, sisi si tulishatoa? Tulimtoa Wembe.

Wote walitazama ng'ambo ya barabara, kwenye duka la kinyozi. Wembe alikuwa mwenzao; kahawa yake aliinywa amesimama, kwa sababu alisema mtu anayesimama kazini kutwa akikaa hasimami tena. Yeye ndiye aliyefungua wa kwanza. Alifungua akiwa na glavu, na ndoo ya sabuni mlangoni, akinyoa mteja mmoja mmoja. Wiki haikuisha, akachukuliwa na gari la wagonjwa. Sasa alikuwa wodini, anapumua kwa mashine, na ndugu zake waliruhusiwa kumwona kwa kupitia kioo tu. Kupitia dirisha la duka lake kiti kilionekana, na shuka la wateja limekifunika mpaka sehemu ya miguu, kama kuna mtu amekaa chini yake ananyolewa.

Umeme ulirudi. Ndani ya duka lile lililofungwa kwa kufuli, mtu akaanza kuzungumza.

Mita alishika utepe wake.

– Nani yumo mle?

– Hamna mtu, alisema Betri. Ni redio yake. Swichi mbovu, haizimi mpaka uchomoe waya. Na siku wanambeba, nani angekumbuka waya?

Redio ilikuwa inasoma idadi: waliolazwa, waliotoka, na wale ambao haikusema wameenda wapi. Kisha ikawaomba wananchi watulie.

– Tufanye kitaalamu, alisema Mita, akaongeza sauti kuishinda redio. Tatizo letu ni nafasi. Mimi nimeshabuni vazi. Nguo yenye duara la waya kiunoni, mita moja kila upande. Ukilivaa hakuna wa kukusogelea.

– Mlangoni utapitaje?

– Kiubavu.

– Duara lina ubavu gani, Mita?

– Wewe kaa na redio zako.

– Ndiyo, na redio zimenifundisha, alisema Betri. Huu ugonjwa unafuata sauti. Hebu angalieni waliotangulia kuugua. Makondakta, wahubiri, walimu, wanadi mitumba. Wapiga kelele watupu. Tufungue maduka yote, lakini kimya. Ukitaka sukari unanyoosha kidole.

– Na mtu akitaka kupunguziwa bei?

– Anakunja uso.

– Ndani ya barakoa?

Mzee Waziri alikohoa, wote wakasogea kidogo, naye akainua mkono kuwaambia ni kikohozi cha kuomba nafasi ya kusema.

– Ninyi mnatapatapa. Serikali makini inafungua uchumi bila kufungua watu. Bidhaa zipangwe mezani, milango iwe wazi, taa ziwake, na watu wote wabaki ndani. Anayeambukiza ni mtu. Meza haijawahi kuambukiza.

– Na mnunuzi ni nani, mzee?

– Hiyo ni awamu ya pili.

Walicheka. Kicheko kilikwenda mpaka mwisho wa mtaa, kikagonga milango ya chuma, kikarudi kimepungua. Mama Birika alikuwa amechuchumaa kwenye jiko lake, uso wake sawa na vifua vyao. Aliona barakoa zao, zilizoshushwa kidevuni kwa ajili ya kahawa, zikitikisika kwa kicheko. Barakoa ya yule wa mwisho ilikuwa imeziba pua na mdomo barabara, na haikutikisika. Haikuvutika ndani, haikutoka nje. Ilitulia kama kitambaa kilichoanikwa siku isiyo na upepo.

Alijisemea kuwa macho yake yana moshi, akamwomba Mungu amwondolee dhana mbaya.

– Basi tufungue wote siku moja, alisema Mita. Ugonjwa wenyewe utachanganyikiwa, hautajua uanzie wapi.

– Wa kwanza lazima awepo, alisema yule wa mwisho.

Sauti yake ilikuwa ya chini, yenye adabu, sauti ya mtu anayeomba apishwe. Mama Birika alizikumbuka kauli hizo. Siku ya Wembe alisema hivyohivyo, halafu akauliza swali moja, na kila mtu akajikuta anatazama ng'ambo ya barabara.

– Nani atakuwa wa kwanza? aliuliza sasa.

Na wote watatu wakamgeukia Mama Birika.

– Mama Birika, alisema Betri polepole, kama anakumbuka kitu. Ana moto, ana maji ya kuchemka. Vijidudu haviuwezi moto.

– Na hana mlango, alisema Mita. Hewa tele.

– Na anakutana na kila mtu, alisema Mzee Waziri. Kama ni majaribio, hayo ndiyo majaribio. Aruhusiwe kusogea pale kona ya soko, wateja wamjie.

– Jamani, alisema Mama Birika. Mnakujua kwangu. Chumba kimoja. Mwanangu mimba imefikia mwezi wake, analala hapa, mimi nalala hapa. Nikirudi na kitu mwilini, nitampa kabla sijavua viatu.

– Lakini si unataka kuuza, dada?

– Nataka. Birika hili zamani nililijaza mara nne kwa siku, leo nalibeba nusu kuja kuwapa ninyi tu.

– Basi Mungu atakulinda.

– Kwani Wembe alikuwa na Mungu mwingine?

Mita alitazama chini. Betri alizungusha kikombe chake kiganjani. Mama Birika aliinama kupuliza makaa ili wasimwone macho, maana jambo jingine lilikuwa linamkata ndani, na hilo hakuweza kulisema. Kikombe cha kwanza alichokirudisha kwenye birika, aliyekunywa kahawa yake alikuwa Wembe. Alimpa mwenyewe kwa mkono wake. Wembe akasema leo imekolea.

Alipoinua kichwa, binti wa manispaa alikuwa amefika. Alivaa kizibao cha njano na barakoa nyeupe, na kibao cha kuandikia alikibana kwapani. Mama Birika alimmiminia kahawa kabla ya salamu kuisha, kwa mazoea.

– Karibu, mwanangu.

– Asante, mama.

Alikipokea kwa mikono miwili, akasimama nacho mbali kidogo, kama inavyotakiwa. Aliwatazama.

– Mko wangapi hapa?

– Watano, alisema Mzee Waziri haraka. Sheria inaruhusu watano. Mimi sheria hiyo naijua tangu ikiwa barua.

– Naona wanne.

Waligeuka. Mwisho wa benchi hapakuwa na mtu. Chaki ya Mita ilikuwa pale, nzima, haikufutika hata kidogo, wakati chini yao wenyewe ilikuwa imeshapakazika kwenye suruali.

– Alikuwa hapa sasa hivi, alisema Betri.

– Mimi nimetokea upande huo huo, alisema binti. Sijapishana na mtu.

Kisha akaonyesha kwa kidevu. Juu ya ubao, kwenye nafasi ile ya mwisho, kikombe kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni.

– Hiki kikombe ni cha nani?

Lilikuwa swali la kawaida, hata mtoto angeliuliza.

– Cha yule bwana, alisema Mita. Mgeni wako, Betri. Si ndiye mwenye ile simu iliyopasuka?

– Wangu? Mimi najua ni mteja wako. Nilidhani anasubiri suruali.

– Majuma yote haya suruali moja?

– Nikasema labda wewe ni mchelewaji. Si ndivyo ulivyo?

– Mzee Waziri, huyu si ndugu yako? Anakaa karibu nawe kila siku.

– Ndugu yangu mimi angekaa kimya? alisema Mzee Waziri, na sauti ya serikali ilikuwa imemtoka. Mimi nilijua ni shemeji yake Mama Birika. Ndiyo maana anamwekea kikombe kabla hajaomba.

Wote walimtazama Mama Birika. Yeye alitikisa kichwa.

– Mimi nilimhesabu wenu. Mlipomkuta hamkushtuka, na mimi nikanyamaza.

– Uso wake ukoje? aliuliza binti.

Mita alijua kipimo cha shingo ya kila mwanamume wa mtaa ule. Hakujua cha yule. Betri alikumbuka shati. Mzee Waziri alikumbuka magoti.

– Na siku ile, alisema Betri, sauti imeshuka. Jina la Wembe. Nani kati yetu alilitaja kwanza?

– Wewe.

– Hapana, mzee. Wewe.

– Aliuliza yeye, alisema Mita. Sisi tulijibu.

Hapo Mama Birika hakuweza kuficha tena. Alifuta mikono kwenye khanga, akasema akiwa amechuchumaa vilevile:

– Ndugu zangu, nimewakosea. Yule hakuwahi kunywa kahawa. Hata siku moja. Akiondoka nilikikuta kikombe kimejaa, na kila siku nilikimimina humu, nikawapa ninyi. Wembe pia nilimpa.

Mita aliweka kikombe chake chini taratibu, kama kingeweza kulipuka. Betri alijipangusa midomo, kisha akakitazama kiganja chake. Mzee Waziri ndiye aliyeuliza.

– Ilikuwa ya moto, mama?

– Hapana, mzee. Ilikuwa imepoa sana. Kuliko inavyopoa kahawa.

Redio ndani ya duka la kinyozi ilianza kusoma idadi upya, tangu mwanzo, kisha umeme ukakatika katikati ya namba.

– Hayo mtayamaliza wenyewe, alisema binti wa manispaa kwa upole. Alikitoa kibao kwapani kwa mkono mmoja, kikombe kikabaki katika mkono wa pili, akaendelea: Mitaa mingine yote imeshatoa jina, bado ninyi. Nani atakuwa wa kwanza?

Mama Birika alisimama, magoti yakalia. Alikuwa ameshakata shauri. Aliona ni haki ya Mungu kwamba aliyemimina ndiye atangulie, na mwanawe atampeleka kwa mama mkwe wake leo leo, kabla jua halijatua. Alikuwa ameshavuta pumzi ya kutaja jina lake.

Kisha akakiona kikombe mkononi mwa binti. Alikuwa amemmiminia kahawa ya moto, ikitoka kwenye makaa. Mvuke ulikuwa umekwisha. Kikombe kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, na juu yake ile barakoa nyeupe ilikuwa imetulia.

– Mwanangu, alisema Mama Birika, kabla sijakutajia jina, nakuomba unywe hiyo kahawa.