Mtani Aliyefukuzwa Msibani

Mheshimiwa Chifu wetu sisi Wadagaaba wa mji huu. Ndugu Mwenyekiti wa chama cha wachimbaji. Mwalimu wetu Araba Quansah. Ndugu wanafunzi wenzangu wa darasa la jioni. Na nyinyi watani wetu Wafrafra, walaji wa vichwa vya mbwa, tulieni, chakula kinakuja.

Nimetoka zamu sasa hivi na mgongo unauma, kwa hiyo sitapamba maneno. Shule niliiacha mapema, nikatoka kwetu kaskazini, nikaja huku kusini kuchimba dhahabu ya watu. Niliposikia kuna darasa la anthropolojia, elimu ya binadamu na desturi zake, kwa wanaoanza, nilicheka. Kuna mtu anayeanza ubinadamu ukubwani?

Lakini mnaukumbuka msiba wa kaka yangu Bayuo? Mwalimu ndiyo kwanza amefika kutoka pwani. Marehemu ameketishwa jukwaani kwa desturi yetu, marimba yanalia, na mjane wake, shemeji yangu Perpetua, amekauka kama jiwe, hana hata chozi. Akaingia Akolgo, Mfrafra, amevaa kofia ya kazi ya marehemu.

"We Bayuo, mvivu mkubwa! Amka, zamu imeanza! Au unakwepa kunipa kichwa changu cha mbwa?"

Mwalimu akasimama. "Mzee, huna haya? Toka!"

Na Akolgo, kwa kumheshimu mgeni, akatoka. Marimba yakanyamaza.

Sasa nani angetusaidia? Ndugu akifanya mzaha msibani, watu watasema alimchukia marehemu. Mtani hana lawama. Yeye ndiye anayetupokea mzigo. Bila yeye, tungemzika kaka, na kilio cha mjane tungekizika moyoni mwake.

Bibi mmoja akamnong'oneza mwalimu kwamba huyo ni mtani wetu, na kazi yake ndiyo hiyo. Mwalimu akatoka mbio.

"Mzee, nisamehe. Rudi."

"Sirudi bila kichwa cha mbwa!"

"Mbwa sina, mzee. Chukua changu."

Akolgo alicheka mpaka akakaa chini. Akarudi, akamtukana kaka yangu vizuri, Perpetua akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Hapo tukaweza kuzika.

Darasa lake mwalimu alilifungua kwa kisa hicho. Alisema, "Nilimfukuza mganga nikidhani ndiye ugonjwa." Mengine yote tuliyosoma niliyaelewa kupitia hapo.

Mwalimu, kesho unarudi kwenu pwani, Winneba. Nilimuuliza Akolgo atakuaga vipi. Akasema, "Mwambie akifa nitakwenda hukohuko, nivae miwani yake, niipigie maiti kelele: Amka, mvivu, wanafunzi wanangoja!"

Usilie, mwalimu. Kwetu hakuna neno la upendo linalolipita hilo.

Asanteni kwa kunisikiliza, hata nyinyi walaji wa mbwa.