Miaka Mitatu ya Kumtafuta Afisa Mipango Miji

Hebu pata picha ya benchi refu mbele ya kituo cha reli, katika mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo la Manitoba. Theluji ya Aprili imechoka, imekuwa na rangi ya majivu. Mzee Garnet Linklater amekaa pembeni, kikombe mkononi, begi la mjukuu wake limebanwa kati ya miguu yake. Mjukuu mwenyewe, Verna, yumo ndani, nyuma ya kioo, anangoja treni ya kwenda jiji la Winnipeg. Garnet hakupata usingizi, lakini hajasema neno. Kwao mtu mzima haambiwi la kufanya na maisha yake. Basi anawasikiliza wenzake: Flett, aitwaye Diwani kwa kuwa ndivyo alivyo, na Horace, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki.

Redio: Diwani, ile nafasi ya afisa mipango miji bado mnaitangaza?

Diwani: Mwaka wa tatu huu. Winnipeg tumetangaza, Toronto tumetangaza. Mvumilivu hula mbivu.

Redio: Miaka mitatu? Hiyo si mbivu tena, ni pombe!

Diwani: Usisahau, kuna mmoja alikuja, ingawa hakukaa.

Redio: Yule wa Julai, wakati wa joto! Akachora uwanja wa watoto palepale tunaporundika theluji. Mpaka leo bembea zinafukuliwa Juni.

Diwani: Lakini mchoro ulipendeza, bwana.

Redio: Ulipendeza sana. Ulikosa majira ya baridi tu.

Garnet alicheka pamoja nao, kisha akatupia jicho kwenye kioo.

Redio: Mimi nawaambia, hiyo kazi huku ina neema. Dunia inapata joto. Kusini kukiwaka, wote watakimbilia hapa. Kila kichaka kitataka afisa wake.

Diwani: Mpaka dubu?

Redio: Dubu ndio wa kwanza! Wanaochakura taka zetu kila usiku, nani kama wao kwa kujua jaa liwekwe wapi?

Diwani: Ndiyo maana tunataka mtu wa nje, mwenye macho mapya. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Garnet: Tumengoja kupona mpaka tumeuzoea ugonjwa.

Muuguzi mpya, aliyehamia mjini wiki ile, alikuwa amesimama karibu nao akipuliza kahawa aliyomiminiwa na Redio. Aliliangalia lile begi.

Muuguzi: Mzee wangu, safari?

Garnet: Si mimi, mama. Mjukuu wangu. Ameitwa Winnipeg kwa usaili wa kazi.

Muuguzi: Kazi gani?

Garnet: Hiyohiyo. Amesomea mipango miji.

Muuguzi alimtazama Garnet, akamtazama Diwani.

Muuguzi: Na hapa, nani alimwuliza kama angependa kubaki?

Redio akazimika. Diwani alivua kofia.

Diwani: Mimi nilidhani anataka jiji.

Garnet: Na mimi nilidhani hivyo.

Treni ikapiga honi kule kwenye kona. Garnet aliweka kikombe benchini, akabeba begi, akaingia ndani.

“Mjukuu wangu,” alisema, “sikukatazi safari. Nauliza tu. Ungependa kubaki nyumbani?”

Verna alimkazia macho. “Babu! Mbona leo, treni ikiwa mlangoni?”

Garnet aliliweka begi chini. Nyuma yake mlango ulifunguka. Diwani aliingia, kofia mkononi, amelibeba swali lilelile.

Nawe, hata ukimsahau dubu, hata ukiisahau treni, naomba ukumbuke hili moja: kumwuliza mtu si kumwamuru.