Virusi Kumi na Vitatu Mlangoni kwa Bawaba

Haya sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe, na macho yangu haya mawili, nimekalia ncha ya benchi, na atakayebisha aje aniulize mbele ya watu. Benchi lenyewe ni la chuma tupu. Alilitengeneza fundi wa mageti tunayemwita Bawaba kwa mabaki ya kazi zake, akaliweka nje ya karakana pale njia mbili zinapokutana. Jua likipanda linakuwa kikaango, nasi tunasogea na kivuli kama mshale wa saa. Asubuhi hiyo tulikuwa kivulini bado: Breki, dereva mstaafu wa malori ambaye hajawahi kukubali kosa barabarani wala kwenye maongezi, Majira, fundi saa, mwenye birika la kahawa, na Bawaba mwenyewe, anapekua mtandaoni kwa simu yake, akitazama mageti ya mafundi wa mbali. Si kuiga, la hasha! Alitaka kuhakikisha hakuna aliyemzidi.

Na alikuwa na sababu. Saa nne mwalimu mkuu wa shule ya wasichana angekuja kuchagua geti jipya la shule, kubwa kuliko yote ambayo Bawaba amewahi kuyachomelea, na angechagua kwa picha zilizomo kwenye simu ile. Mageti sitini na mawili, kazi ya miaka minane. Picha hizo hazikuwa mahali pengine popote chini ya jua.

Ghafla simu ikalia kama king'ora, kioo kikawa chekundu.

— Mungu wangu! Bawaba akasema. Hebu sikieni: "Simu yako imevamiwa na virusi kumi na vitatu. Picha zako zote zitafutwa. Bonyeza hapa usafishe." Na kuna dakika tatu hapa, zinahesabiwa kurudi nyuma!

— Bonyeza! Breki akaruka. Haraka haraka haina baraka, bonyeza upesi!

— Breki, umejisikia ulichosema? Bawaba akauliza.

— Nimesema bonyeza. Simu ya shemeji yangu iliingiwa na kirusi kimoja tu, kimoja! Mpaka leo akimpigia mkewe anapokea mama mkwe.

— Si huyo mama mkwe anaishi nao?

— Ndiyo, lakini zamani alikuwa hapokei!

Majira akamimina kahawa taratibu, kama mtu anayesubiri kubembelezwa.

— Nyinyi hamjui wakati, akasema. Mimi wakati ndio unaonilisha. Saa inayokwenda mbele ni chombo. Saa inayorudi nyuma ina mtu ndani yake, anaisukuma. Na mtu huyo anatuona sasa hivi kupitia kitundu cha kamera. Bawaba, tabasamu kidogo.

Bawaba akatabasamu. Kisha akajiona mjinga, akaziba kamera kwa kidole gumba. Dakika mbili kasoro.

— Kumi na vitatu! Breki akaendelea. Haviwezi kutosha humo. Vikishiba picha vitashuka mkononi mwako, viingie mashine ya kuchomelea.

— Halafu?

— Halafu viingie kila chuma kilichopitia mashine hiyo. Mchana kweupe, watu wanakula zao, mageti yako sitini na mawili yanafunguka yenyewe kwa pamoja, mji mzima!

— Acha uzushi wako.

— Damu nzito kuliko maji, bwana. Chuma ni ndugu wa chuma.

Hapo ndipo Bawaba alipoumia. Picha ni picha, lakini geti lake kufunguka lenyewe! Tangu aanze ufundi hajaitwa hata mara moja kurudia kazi. Kidole kikaelekea kitufe cha kijani kilichoandikwa SAFISHA SASA, kikasimama juu yake, unene wa karatasi tu ukibaki. Na naapa, mkono wake haukutetemeka hata chembe.

— Majira, kaka yangu, unasemaje?

— Vikaribishe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Virusi?

— Hata kirusi kina kwao.

— Habari za asubuhi, wazee. Fundi wa mageti ni nani hapa?

Tukageuka. Mama mwenye miwani, mkoba umejaa madaftari, amewahi kwa nusu saa. Bawaba hakuhitaji kuambiwa ni nani. Sauti ilikuwa ile ile iliyomwambia kwenye simu, "Mimi sipendi kusubirishwa."

— Ni mimi, mwalimu, ila... Akamwonyesha kioo kama mwanafunzi anayepeleka daftari lenye makosa.

Mwalimu mkuu akasoma mara mbili, bila haraka.

— Na hizo dakika zikiisha, inakuwaje?

Breki akamgeukia Majira. Majira, anayelishwa na wakati, akachungulia kikombe chake akakuta machicha tu.

— Hatujui, mwalimu, akakiri. Hakuna aliyewahi kungoja.

Bawaba akainuka. Nilimwona uso ukibadilika, ule uso anaokuwa nao anapokagua kitasa.

— Ngojeni kwanza. Huyu anayepiga kelele yuko ndani au yuko nje?

— Nani?

— Huyu wa kwenye tangazo! Kama yuko ndani, kwa nini ananiomba nimfungulie? Na kama yuko nje, amejuaje kilichomo ndani mwangu?

Akajipiga kifua.

— Mimi nikimaliza geti, namwambia mwenye nyumba aingie ndani, afunge. Nabaki nje na nyundo, nalipiga mpaka nichoke. Likifunguka, sipokei hata ahsante. Leo mimi ndiye wa ndani. Apige!

Akailaza simu juu ya benchi, sote tukaiinamia. Kumi. Tisa. Kwenye tano Breki akaziba masikio. Mbili. Moja. Sifuri.

Na dakika tatu zikaanza upya, kamili, kana kwamba hakuna lililotokea.

— Amerudia! Majira akapiga paja. Saa ya mwongo hiyo!

— Nilijua mimi, Breki akasema. Sasa gusa hako kamkasi ka alama ya X pale pembeni, ulifunge tangazo.

— Nako amekaweka yeye. Mlango wa mwizi mimi sishiki hata kitasa.

Akaufunga ukurasa mzima, tovuti na tangazo lake, bila kugusa chochote ndani yake. King'ora kikakatika. Akafungua picha: mageti sitini na mawili, yamejipanga kama askari wa gwaride. Akamkabidhi mwalimu simu kwa mikono miwili, kifua mbele.

Mwalimu akatazama moja baada ya jingine, kidole kikatua kwenye lenye mawimbi ya chuma juu.

— Kama hili. Lakini na la kwangu utalipiga nyundo?

— Mbele ya wanafunzi wote, mwalimu. Na wakitaka, waje wanisaidie kupiga.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno. Ila nafsi inanisuta kwa kitu kimoja. Nilipoapa kwamba mkono wa Bawaba haukutetemeka, hilo nililitunga. Ulitetemeka, bwana, mpaka simu ikakigonga kikombe changu, nikamwagikiwa na kahawa gotini. Lakini nilifikiri mtu aliyekataa kufungua anastahili mkono uliotulia, nikampa.