Lucious Tarver na Nyumba ya Udugu

Marehemu baba yetu, Lucious Amos Tarver, alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa Pell Creek, Alabama, mtoto wa tatu wa Amos na Ruby Tarver. Alisoma shule ya watu weusi ya mtaani kwetu, na mwaka 1959 akaingia chuo, akajiunga na Udugu, chama cha wanafunzi kisichogawana faida.

Alifundisha hesabu sekondari tangu 1963 hadi 1997. Mwaka 1973 alichaguliwa mweka hazina wa Udugu, kazi isiyo na mshahara, na hakuiachia mpaka kufa. Benki mbili zilipowanyima mkopo wa kununua nyumba ya kuishi wanachama, aliwaambia wenzake wakaange samaki. Waliuza samaki kila Ijumaa kwa miaka sita, haba na haba, wakainunua nyumba taslimu. Hata Bibi Ruby hakupewa sahani ya bure.

"Nimekuzaa mimi, halafu nilipe?"

"Ulipe, Mama. Samaki si wangu, ni wa Udugu. Chenji yako hii hapa."

Mwaka 1976 alimwoa Odessa Crayton, mkaangaji mkuu, aliyekuwa akimsema kila wiki kwa ubahili wake wa mafuta ya kukaangia.

Mwaka 1991 wanafunzi waliokaa katika nyumba ile walibaki wanne, michango ikashindwa na bili. Chuo kikataka kiwanja kiwe maegesho ya magari, na wanachama waliokwisha kuhitimu wakataka kuiuza nyumba wagawane fedha. Baba alisimama mkutanoni.

"Hii ni mali ya vijana ambao hawajazaliwa. Nani kawauliza wao? Ninyi mlilala humu miaka minne, mkaenda zenu. Basi nendeni tena."

Walimwita king'ang'anizi, na kweli alikuwa. Nyumba haikuuzwa; alirudi kwenye samaki wake, akalipa bili, akaezeka paa upya.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023. Alisaini hundi za Udugu akiwa kitandani hospitalini, ambako alifariki tarehe 14 Novemba 2024, Mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Odessa, watoto wawili, mimi Verlene na Curtis, wajukuu watano, na vijana kumi na tisa wanaoishi katika nyumba ile leo.

Jana chuo kilituletea shada la maua, na pamoja nalo barua ya kuomba mazungumzo kuhusu kiwanja. Baba hata hajazikwa. Nimekasirika na sifichi. Mama ameniagiza nijibu hapa hapa, mbele yenu wote: shada tumelipokea.

Pumzika kwa amani, Baba. Nyumba haiuzwi.