Mama Sindano na Bendera ya Kwanza

Kitendawili, wasikilizaji wapendwa! Akipanda, wakubwa kwa wadogo husimama. Akishuka, hukunjwa kama nepi. Mmepata? Ndiyo, bendera.

Leo bibi yenu anamkumbuka aliyeishona. Alikuwa fundi cherehani, tukimwita Mama Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Bendera ya kwanza ya ofisi yetu ya wilaya aliishona yeye. Mumewe, tarishi wa ofisi hiyo, ndiye aliyeipandisha kila asubuhi.

Siku moja kabla ya uhuru alipewa vitambaa vitatu: kijani cha ardhi, njano ya madini, nyeusi ya watu wenyewe. Sasa, futikamba yake ya kupimia ilikuwa imekatika mwanzoni. Ilianzia namba tatu. Siku zote alikumbuka kufidia inchi zilizokatika. Siku hiyo furaha ilimpanda kichwani, akasahau. Kijani kikapunguka, na madukani hakikuwepo kingine.

Tarishi akashika kiuno. "Mke wangu, kesho watu watasimama kutazama mlingoti mtupu."

Mama Sindano akamtuma akachote maji.

Kesho yake bendera ikapanda, kamili, vigelegele juu. Wiki hiyo hiyo, gauni alilonunuliwa na mumewe walipooana likawa halionekani. Mama Sindano akasema labda upepo umelichukua kambani. Tarishi akajibu kwamba upepo hauna mikono, ila dobi, jirani yao, anayo. Basi! Akamnunia dobi miaka thelathini. Thelathini, wapendwa! Salamu hajibu, na mashati akafua mwenyewe, yakatoka yamekunjamana kama uso wa nyani. Kila akiuliza, "Hivi gauni lako alichukua nani?" mkewe huinama kutunga uzi.

Juzi msibani kwa Mama Sindano watu wakashangaa: tarishi na dobi, benchi moja, wanataniana.

Mzee wetu, watoto na wajukuu, poleni sana. Nawe dobi, pole zako ni mbili. Sisi tuliobaki, tukiitazama bendera, tuwakumbuke na walioishona.

Ila nisiwaache njiani. Siku chache kabla mkewe hajatutoka, tarishi alimuuliza tena. Safari hii Mama Sindano aliiweka sindano chini.

"Kamwombe dobi radhi, mume wangu, niliona aibu kusema. Gauni langu la kijani hakulichukua mtu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukilipandisha kila asubuhi."