Odessa Tackett na Ndevu Zake Mjini Palmetto Fork

Marehemu Bi. Odessa Pruitt Tackett alizaliwa tarehe 9 Machi 1939 huko Waycross, Georgia, mtoto wa tatu wa Mzee Hollis Pruitt na Bi. Ima. Alisoma hadi darasa la nane. Alianza kuota ndevu akiwa na miaka kumi na mitatu, na mwalimu akamhamishia kwenye kiti cha nyuma ili wenzake wasome. Wenzake hawakusoma, waligeuza shingo. Mwaka 1954 akaachana na shule.

Mwaka 1957 alijiunga na maonyesho ya kusafiri, ya wanyama na watu wenye maumbile ya ajabu, akawa Mwanamke Mwenye Ndevu. Kazi ile ilikuwa na sheria yake: nje ya hema lazima ajifunge mtandio usoni, maana atakayemwona bure hatakata tiketi. Basi kuanzia Aprili hadi Oktoba aliishi ndani ya mtandio. Novemba watu wote wa maonyesho walirudi hapa Palmetto Fork, Florida, mji walioujenga wenyewe, wenye tembo uani na kaunta fupi posta kwa ajili ya watu wafupi. Hapa Odessa alivua mtandio. Alinunua samaki, akagombana na majirani, ndevu zikipepea, na hakuna aliyegeuka.

Mumewe, Doyle Tackett, alikuwa mpiga debe mlangoni pa hema lake. Siku yake ya kwanza kazini alipaza sauti, "Ndevu za kweli! Njoo uvute mwenyewe!" Odessa akatoka. "We kaka, nani amekwambia mimi navutwa?" Kesho yake Doyle akabadilisha: "Ndevu za kweli! Ila usiguse, dada ana mkono mzito!" Walifunga ndoa hapa mjini tarehe 14 Januari 1962, wakajaliwa mtoto mmoja, Wendell. Doyle alitangulia mwaka 2008.

Wakati huo mji nao ulikuwa unakwenda. Watu waliacha kukata tiketi, mahema yakauzwa, wazee wakafa, watoto wakahamia Tampa kutafuta kazi za kukaa kitini. Wakaja wageni na nyumba zao zinazofanana. Kaunta fupi ya posta ikabomolewa. Mwaka 2016, dukani, mama mmoja alimpiga Odessa picha mbele ya friji ya maziwa, hata salamu hakuna. Odessa alirudi nyumbani, akafungua sanduku, akajifunga mtandio. Mpwa wake Darlene akamwambia, "Shangazi, si unyoe tu upumzike?"

"Ninyoe kwa ajili ya nani, nikiwa kwangu mwenyewe? Basi niko safarini tena, kama ile miezi ya mahema, ila safari hii sina pa kurudi."

Karibu mwaka mzima hakutoka bila mtandio, hata kumwagilia maua.

Aliyemtoa ni jirani yake, Mzee Enos Crabtree, mwenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Asubuhi moja alisimama mlangoni pake. "Odessa, ukificha ndevu wewe, mimi nifiche nini? Nitembee na ngazi?"

Odessa alicheka mpaka akashika ukuta. "Huna haya, mzee."

"Haya ningeitoa wapi, miaka yote ile jukwaani? Vaa viatu, mkate umeniishia."

Wakaenda dukani, mtandio ukabaki nyumbani. Watu wakatoa simu wapige picha. Odessa akamfuata kila mmoja: "Hujambo, jirani? Mimi Odessa, nakaa ile nyumba ya kijani. Wewe unakaa wapi?" Simu zikarudi mifukoni. Hakujifunika tena. Wengine mlioketi hapa mlisalimiwa siku ile, mnajijua.

Novemba 2018 mapafu yalianza kumsumbua. Hospitalini muuguzi aliomba kumnyoa ili barakoa ya hewa ikae vizuri. "Tafuta njia nyingine, binti," akasema. Wakatafuta, wakamwekea mirija midogo ya hewa puani. Aliaga dunia nyumbani kwake tarehe 2 Februari 2019. Darlene amemchana ndevu, na jeneza liko wazi.

Ameacha mwanawe Wendell, mpwa wake Darlene, na Mzee Enos, ambaye sasa ndiye wa mwisho wa watu wa mahema hapa mjini. Mkimkuta dukani, msalimieni kwanza.

Mungu amlaze Odessa kama mtu aliyefika nyumbani kwake.