Mama Mkwe na Mkwewe Wamelingana Pointi

Benchi la nje ya banda la kinyozi lilijaa mapema. Mashindano ya sataranji ya kijiwe yalikwisha jana, na wawili wamelingana, pointi tano kwa tano: Mama Sindano, mshonaji, na Welda, mchomelea vyuma, aliyemwoa binti yake. Mashindano ya mji yanataka jina moja tu, lipelekwe kabla ya saa sita mchana. Mama Sindano alikuwa na suruali ya mteja mapajani, anapinda pindo kama hasikii. Alikuwa anasikia vizuri sana. Miaka ishirini na mbili kwenye cherehani, na hajawahi kusafiri kwa shughuli yake mwenyewe.

KINYOZI: Tuangalie nani aliwafunga wagumu.

BOMBA, fundi wa mabomba, aliyeburura mkia: Na mimi mnaniweka wapi? Wote wawili walinifunga!

KINYOZI: Wewe huhesabiki, kaka. Wewe ulikuwa mapumziko.

BOMBA: Cheka tu. Haraka haraka haina baraka. Apewe aliyechelewa zaidi kucheza.

MUUZA KAHAWA: Basi ni Welda. Hatua moja tu aliifikiria mpaka birika langu likaisha.

WELDA: Mpeni mama, jamani.

MAMA SINDANO: Sitaki cha kupewa.

MUUZA KAHAWA: Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa hiyo aende Bomba.

KINYOZI: Huyu anayemtembeza farasi kama askari?

BOMBA: Zipimwe kete walizobakiza! Tuazime mizani ya bucha. Mwenye uzito ndiye bingwa.

Mwenye suruali alikuwa amefika, amesimama anasikiliza.

MTEJA: Samahani. Walipokutana wao wawili, nani alishinda?

Kinyozi akafungua daftari la matokeo, akalifunga.

KINYOZI: Tuliandika sare.

MTEJA: Baada ya hatua ngapi?

Siku ile hawakusogeza hata askari mmoja. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, wakapeana mikono, kila mtu akarudi kazini. Nani amkabe mfalme wa mama mkwe wake mbele za watu?

Mama Sindano akakata uzi kwa meno, akampa mteja suruali yake, akavuta ubao.

MAMA SINDANO: Kaa, mwanangu. Na usinihurumie.

Welda akakaa ukingoni mwa benchi.

WELDA: Sawa, mama. Lakini nikikufunga, nani ataenda kumwambia mke wangu?

Kila mtu akainamia kikombe chake.